Barua za Wasomaji: Kilomita 200 Kila Mwezi, Kiangazi na Masika

Katika toleo hili nimezikusanya barua nne zinazogusa jambo moja, nalo ni namna ya kuendesha baiskeli masafa marefu mwaka mzima bila kukatiza. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine yanaegemea humo.

SWALI: Ndugu mshauri, sisi ni vijana sita wa Kigamboni, Dar es Salaam. Mwaka jana tuliazimia kuendesha kilomita 200 kwa siku moja, mara moja kila mwezi, kwa miezi yote kumi na miwili. Januari tulikwenda sote na tukamaliza kwa saa nane na nusu, jambo lililotufurahisha sana. Februari tulikwenda wanne, Machi tukabaki wawili, na Aprili, mvua ilipokolea, hakuna aliyetoka nyumbani. Tulipoanza tena Juni miili ilikuwa imesahau kila kitu. Hii ni mara ya tatu kwetu kuishia Aprili. Je, ipo njia ya kuyavuka masika, au tukubali kwamba kwa sisi wa pwani huu ni mchezo wa miezi minane tu?

JIBU: Ndugu zangu, msikubali. Lakini kabla ya kuilaumu mvua, isomeni tena barua yenu wenyewe. Wenzenu wawili hawakuonekana Februari na wengine wawili Machi, yaani wanne kati ya sita walikuwa wameshaacha kabla masika hayajakolea. Aprili iliwakuta wawili tu, na kwa wawili kukatishwa tamaa na mawingu ni jambo jepesi. Kwa hiyo naomba tuanze na Januari, maana nadhani tatizo lilianzia kwenye zile saa nane na nusu.

Mchezo huu una asili ya zamani. Mwaka 1897 waendesha baiskeli kumi na wawili wa Italia walifunga safari ya kilomita 230 kutoka Roma hadi Napoli, wakiwa wameazimia kufika kabla jua halijazama. Safari za namna hiyo zikapewa jina la audax, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kuthubutu. Ufaransa iliipokea desturi hiyo, na hadi leo safari ya kilomita 200 inayoendeshwa kwa kanuni za Audax Club Parisien, chama kilichoanzishwa mwaka 1904, hupewa muda wa saa 13 na dakika 30, ukiwamo muda wote wa kula, kupumzika na kuziba pancha. Gawanyeni mtaona kwamba mtu anayekwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwa ndani yake, anafika kwa halali kabisa na huhesabiwa sawa na aliyetangulia kwa saa tano. Ninyi Januari mlikwenda kwa zaidi ya kilomita 23 kwa saa. Ilikuwa mbio, na naamini waliotumia nguvu zote ili tu wasiachwe ndio wale waliopata udhuru Februari. Kundi linalotaka kufika Desemba likiwa zima sharti liende kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na lisimame anaposimama. Huo pekee ndio mwendo unaoweza kurudiwa mara kumi na mbili.

Jambo la pili ni siku yenyewe. Mwaka mzima unadai siku 12 tu za safari ndefu, na huo si mzigo mkubwa kwa mtu mwenye kazi na familia, ila siku hizo huponyoka kwa namna moja ile ile, yaani kuahirishwa. Wengi huiacha safari mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakisema kwamba wiki hii kuna harusi na wiki ijayo kuna kikao. Mimi niliupoteza mwaka wangu wa kwanza kwa njia hiyo. Nilikuwa nimekamilisha miezi kumi, nikaiweka safari ya Novemba Jumapili ya mwisho kwa kuwa nilikuwa na hakika ya nguvu zangu, na siku tatu kabla yake malaria ikanilaza kitandani. Nililia, nakiri, kwa kuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ule nilikuwa mzima na nilikaa nyumbani bila sababu. Tangu hapo safari yangu huwa mwishoni mwa wiki ya kwanza ya mwezi. Ikiharibiwa na mvua, msiba au homa, bado ninazo Jumamosi na Jumapili nyingine za akiba, na ikifanikiwa, mwezi mzima uliobaki ninautumia kwa mazoezi mepesi huku moyo umetulia.

Sasa njia. Hapa mkazi wa pwani ana neema ambayo wengi hawaitumii, maana upepo wetu una ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, takriban Mei hadi Septemba, kisha kati yake huja maleleji, upepo ukiwa haujajua uelekee wapi. Kanuni ni kwenda mkiukabili upepo asubuhi, wakati miguu ni mipya na upepo wenyewe bado mpole, ili jioni uwasukume nyumbani. Kwa hiyo wakati wa kaskazi elekeeni kaskazini: vukeni daraja, shikeni barabara ya Bagamoyo, pindeni kuelekea Msata na mgeuze inapotimia kilomita ya 100. Wakati wa kusi fanyeni kinyume chake, mshike barabara ya Kilwa kupitia Kongowe, mpite Mkuranga kuelekea Kibiti, na mgeuze vivyo hivyo. Nimewaona watu wazima wenye nguvu wakikata tamaa Julai njiani kutoka Bagamoyo, saa tisa alasiri, kusi kikiwapiga usoni kwa kilomita 60 zilizobaki, nao wakadhani wamezeeka. Walichagua barabara nzuri katika mwezi usio wake. Barabara ya Morogoro ningewaomba muiache kabisa, kwa kuwa malori yanayokwenda bara ni mengi na ukingo wa lami mahali pengi haumpi mwendesha baiskeli pa kujisalimisha.

Tuyaendee masika. Msijaribu kuendesha Aprili kama mlivyoendesha Februari. Katika mwezi huo iacheni ile safari ya kwenda mbali na kurudi, mchague mzunguko mfupi wa lami ulio karibu na nyumbani, wa kilomita 40 kwa mfano, muuzunguke mara tano. Najua inachosha kuuona mnazi ule ule mara tano kwa siku, lakini faida zake ni kubwa. Kila baada ya saa mbili hivi mnapita pale pale penye nguo kavu, chai ya moto na kibanda cha kujihifadhi, na mvua ikizidi hamko kilomita 90 kutoka nyumbani huku mto umefurika mbele yenu. Radi ikianza kupiga, ingieni ndani ya nyumba na msubiri, na msisimame chini ya mti ulio peke yake uwandani. Maji yanayotiririka juu ya barabara msiyavuke kwa baiskeli hata yakionekana kuwa ya kifundo cha mguu, kwa kuwa macho hayawezi kuona kama lami iliyo chini yake bado ipo. Muda wa saa 13 na nusu unawaruhusu kusubiri. Mvua ya masika hunyesha kwa vipindi, na mkipoteza saa mbili chini ya bati bado mnazo zaidi ya saa 11 za kuendesha.

Mvua huitesa baiskeli kuliko inavyomtesa mwendeshaji. Mchanga unaorushwa na tairi hujichanganya na mafuta ya mnyororo ukawa kama msasa, na hujishika pia kwenye raba za breki ukaila rimu. Tieni madigadi ya mbele na nyuma, hata kama wenzenu wataona haipendezi. Jioni ile ile, kabla ya kuoga, isafisheni baiskeli kwa maji kidogo na kitambaa, mkaushe mnyororo, mtie tone la mafuta katika kila pingili na kufuta yanayobaki nje. Kazi hiyo huchukua robo saa. Tairi zikiwa na unyevu huokota vipande vya chupa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo Aprili bebeni mipira ya ndani miwili badala ya mmoja, kwani kiraka hakishiki vizuri mahali penye maji. Mistari iliyopakwa rangi barabarani, mifuniko ya chuma na mbao za madaraja madogo huteleza sana, nanyi mzipite mkiwa wima bila kukata kona wala kubana breki.

Wengi huogopa masika peke yake na kusahau Januari, Februari na nusu ya kwanza ya Machi, lakini kwa afya ya mtu mimi naiogopa miezi hiyo zaidi. Pwani joto linapita nyuzi 30 na unyevu wa hewa hulizuia jasho lisikauke, na jasho lisipokauka halipoozi mwili. Tokeni saa 10 alfajiri mkiwa na taa imara mbele na nyuma na nguo zinazoakisi mwanga. Hata mkienda polepole, saa 5 asubuhi mtakuwa mmefikisha kilomita 130 hivi. Pumzikeni kivulini hadi saa 7 mchana, mle na kulala kidogo, kisha mzimalizie kilomita 70 zilizobaki taratibu, na saa 11 jioni mtakuwa mmefika ndani ya muda. Kunyweni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa kadiri ya jasho, na chupa moja kati ya mbili iwe na chumvi na sukari. Zile pakiti za kuongeza maji mwilini zinazouzwa duka la dawa zinafaa, moja kwa lita. Anayekunywa maji matupu kwa wingi siku nzima hupunguza chumvi katika damu yake, akaanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, na wenzake wakamwongezea maji zaidi wakidhani ni kiu. Hilo ni la hatari ya kweli. Chakula nacho msikingoje njaa, kwani ndizi moja mbivu, au kashata, au tende chache kila nusu saa vinatosha. Madafu ya njiani nayapenda mno, na huwa nayahesabu kuwa sehemu ya safari.

Kuhusu mwili uliosahau kila kitu mlipofika Juni, jibu liko katika wiki za katikati. Pumzi huanza kupungua baada ya wiki mbili au tatu za kukaa kabisa, na ninyi mlikaa miezi miwili. Endesheni saa moja mara mbili kwa wiki, hata ikiwa ni kwenda kazini na kurudi, na kilomita 50 au 60 katika Jumapili moja kati ya mbili. Hayo yanatosha kuuweka mwili tayari kwa 200. Tena msiongeze, maana magoti mengi ninayoandikiwa habari zake yameharibiwa na bidii kupita kiasi katika wiki ambazo hazikuhitaji bidii.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, nami huendesha baiskeli masafa marefu pamoja na mume wangu. Kila mwaka mfululizo wetu hukatika Ramadhani. Mume wangu anasema tuendeshe usiku baada ya kufuturu, lakini mimi naogopa barabara usiku. Wewe waonaje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Katika hili niko upande wako. Usiku wa manane, kwenye barabara isiyo na taa, pamoja na madereva waliochoka na uchovu wako mwenyewe wa kufunga na kusali, si mahali pa kutafuta kilomita. Kuendesha mchana ukiwa umefunga sikushauri kabisa, kwa kuwa safari hii inadai maji kila saa.

Lakini tazama kalenda kwa makini. Hesabu ya safari hufuata miezi ya Januari hadi Desemba, na Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, ikirudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Kwa sababu hiyo siku zake 29 au 30 mara nyingi huangukia katika miezi miwili. Mwaka 2026, kwa mfano, Ramadhani ilianza katikati ya Februari ikiwa imepita na kumalizika baada ya katikati ya Machi. Aliyejipanga aliendesha safari ya Februari katika wiki mbili za mwanzo, akafunga kwa utulivu, kisha akaendesha ya Machi baada ya Idi akiwa bado na siku kadhaa mkononi. Mwaka mgumu ni ule ambao mfungo unafunika mwezi mmoja karibu wote, kama Machi 2025. Mwaka kama huo mimi ningeuacha mwezi huo bila majuto, nikaanza hesabu mpya mwezi unaofuata, na sidhani kwamba yupo mtu mwenye haki ya kukwambia umeshindwa.

Tahadhari moja: usiende kilomita 200 kesho yake baada ya Idi. Tumbo na usingizi huhitaji siku nne au tano kurudi katika ratiba ya mchana, na ikiwa mnafunga sita za Shawwal, ziwekeni baada ya safari.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni Mkongo kutoka Bukavu na sasa naishi Columbus, Ohio. Huku kuna watu wanaoendesha hata Januari, wakati wa theluji, na wanaizungumzia tuzo ya miezi kumi na miwili. Je, ni kweli, na je, mtu aliyezaliwa penye jua anaweza?

JIBU: Ni kweli, ndugu. Chama cha Randonneurs USA, kilichoanzishwa mwaka 1998, kina tuzo iitwayo R-12 kwa anayemaliza safari rasmi ya kilomita 200 au zaidi katika kila mwezi kwa miezi 12 mfululizo, na unaweza kuanza kuhesabu mwezi wowote. Ipo pia P-12 kwa safari za kilomita 100 hadi 199, nami ningekushauri uanze na hiyo. Desemba huko kwenu urefu wa mchana hauzidi sana saa tisa, kwa hiyo kilomita 200 zinamaanisha saa nyingi za giza na baridi, ilhali kilomita 100 unaweza kuzimaliza kukiwa bado na mwanga.

Ningeanza hesabu Desemba. Wengi huanza majira ya kuchipua kwa sababu ni rahisi, wakaifikia baridi wakiwa wamechoka. Ukianza na miezi mitatu migumu hamu ikiwa bado mpya, na ukishindwa, umepoteza mwezi mmoja au miwili tu badala ya tisa. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba hushika jasho na jasho hugeuka kuwa barafu mgongoni ukisimama. Vaa tabaka nyembamba nyembamba unazoweza kuvua kabla hujaanza kutoka jasho. Chupa ya maji iweke ndani ya koti, kwa kuwa iliyo kwenye fremu huganda. Chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu huila cheni, basi ioshe kila unaporudi. Mvua inayoganda ikitabiriwa, baki nyumbani uende wiki nyingine. Kuhusu kuzaliwa penye jua, Bukavu iko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi na asubuhi zake zina baridi yake, nawe vilima umevizoea kuliko wenyeji wako wa Columbus.

SWALI: Mimi nipo Shinyanga, nina baiskeli ya Phoenix isiyo na gia. Wenzangu wananiambia kwamba masafa haya si ya baiskeli kama hii. Je, wanasema kweli?

JIBU: Hapana, kaka. Mbio za Paris–Brest–Paris, zenye kilomita 1,200 hivi, zilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1891, mshindi wake Charles Terront alitumia saa 71 na dakika 22 bila gia za kubadilisha, na zile barabara za wakati ule hazikuwa na lami. Huko kwenu, tena, kuna watu wanaobeba abiria na magunia kwa Phoenix tangu asubuhi hadi jioni, na nchi kwa sehemu kubwa ni tambarare. Wastani wa kilomita 15 kwa saa unauweza.

Mpe fundi aikaze kila spoki na aangalie gololi za magurudumu kabla ya safari, ubebe spana, pampu, viraka na gundi, na kwenye mlima ushuke utembee bila aibu yoyote. Kabla ya yote hayo, rekebisha kiti. Karibu kila Phoenix ninayoiona njiani ina kiti kilicho chini mno, na magoti ya mwendeshaji yanakunjwa mara elfu kadhaa kila saa hadi yaume. Mwombe mtu akushikie baiskeli, kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na upandishe kiti kidogo kidogo mpaka mguu unyooke bila kiuno kuinama upande.